Wimbo Alioutunga Baba Jikoni

Juzi, dukani Kericho, redio ilipiga wimbo wa roki wa zamani, gitaa likilia, nikamkumbuka baba. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, kule kwetu Boito, alikaa jikoni akinuka majani mabichi ya chai, akitunga wimbo kwa gitaa aliloazima kanisani. Aliimba, "Rudi nyumbani, mlango uko wazi."

"Baba, unaita ng'ombe?" nikauliza, maana wetu alizoea kutoroka.

Akainamisha kichwa. "Ndiyo, Chebet. Amepotea."

Nikakimbia hadi shambani, nikamwita ng'ombe kwa nguvu zangu zote. Mama hakuwepo, niliambiwa amemtembelea nyanya kule Kapkatet. Leo najua alikuwa ametuacha. Baba alinifuata, akasimama kando yangu katikati ya michai, naye akaita. Lakini yeye aliita jina la mama.