Treni Isiyongoja Dua

Nyumbani kwetu mtu hapandi chombo bila dua. Gari, ndege, lifti ya hospitali, hata ngazi za umeme za dukani pale Ghubra, hapa Maskati: bibi yangu akishaweka mguu tu, midomo yake inaanza kucheza. Dua yenyewe ni fupi, na maana yake ni kukiri kwamba hiki kinachotubeba, kwa nguvu zetu tusingekiweza. Bibi huimaliza kwa pumzi moja na nusu. Mimi huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo ilipo aibu yangu.

Nina miaka ishirini na tatu na nina wasiwasi. Siyo ule wa kungoja matokeo ya mtihani. Ni ule ambao bibi huutaja kwa sauti ya chini, kama jina la maradhi. Nikishasoma dua najiuliza kama nimeisoma sawasawa. Nikijiuliza, narudia. Nikirudia, nasikia kosa jingine. Hakuna aliyenifunza haya. Nimejifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza mwenyewe kuandika Kiswahili, kwa sababu shuleni nilisoma Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili kwetu kilikuwa cha jikoni na cha kugombezana. Sentensi isipokaa vizuri naweza kushinda nayo toka Alasiri mpaka Isha. Lakini sentensi humngoja mwandishi wake. Si kila kitu kinamngoja mtu.

Tuna bustani ndogo ya michezo, si mbali na maduka ya magari ya Wattaya. Sisi tunaiita pembeani. Bibi alizaliwa Unguja, na kwake yeye kila kinachomzungusha mtu kwa raha ni pembea, kwa kuwa utotoni mwake pembea za sikukuu zilikuwa za mbao na zilizungushwa na wanaume wawili kwa mikono. Hapa petu kuna mashine tisa, na mbili kwa kawaida zimefunikwa turubai. Farasi mmoja wa duara hana sikio. Watu hutandika mikeka kwenye majani, moshi wa mishkaki unakata katikati ya kila kitu, na nyimbo zinazotoka kwenye vipaza sauti ni zile zile tangu mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo.

Mashine kubwa kuliko zote ni merikebu ya chuma inayopembea. Anayeiendesha ni mzee wa Kihindi mwenye chupa ya chai, na kwa miaka yake mingi hapa amejifunza jambo moja ambalo sijui kama limeandikwa katika kitabu cha kazi yake. Akishakagua mikanda, huwa anatazama midomo. Midomo ikicheza, kidole chake kinakaa juu ya kitufe bila kubonyeza.

"Khalas, mama?" humuuliza bibi.

Bibi akitikisa kichwa kwamba amemaliza, ndipo merikebu inaondoka.

Majira ya baridi yaliyopita, Alkhamisi moja baada ya Alasiri, nilikaa kwenye merikebu ile na mtoto wa kaka yangu. Ana miaka minane. Tulikaa nyuma kabisa, mkono wake ndani ya mkono wangu, maana ndivyo tulivyoahidiana. Nikaanza kusoma.

"Khalas?" mzee aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukataa. Nilikuwa nimesita katikati, kwa hiyo nilianza upya. Akauliza tena. Nikakataa tena. Vijana wa mbele wakaanza kupiga makofi. "Yalla! Yalla!" Mwanamke mmoja akageuka, akanitazama, akamwambia mwenzake kwa Kiswahili cha kwetu, bila kujua nakielewa au huenda kwa kuwa alijua, "Anasoma khitma huyo?"

Mara ya nne nikaacha kusoma. Nilisema nitapanda zamu ijayo. Mzee akanifungulia mkanda, nikashuka, nikidhani mtoto yuko nyuma yangu. Hakuwa nyuma yangu. Alibaki kwenye kiti cha watu wawili, peke yake, na mzee, aliyekwisha ngojesha watu vya kutosha, akabonyeza.

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Kila merikebu iliposhuka upande wangu nilimwona akinitazama, na iliporudi juu alikuwa bado ananitazama.

Kwenye gari nilimuuliza, "Uliogopa kwa kuwa hukuwa na mkono wa kushika?"

"Mkono wangu ulikuwepo, shangazi," alisema. "Wako ndio ulioondoka."

Tangu siku ile, tukivuka barabara, alikuwa akimshika bibi mkono.

Baadaye, likizo ya katikati ya mwaka, kaka alitangaza kwamba anatupeleka Imarati, kwenye ile bustani kubwa ambayo watu husafiria kwa ndege kutoka nchi za mbali kwa ajili yake tu. Nikafanya ninachokijua. Nilinunua daftari, nikachora mistari, upande mmoja pembeani kwetu na upande mwingine kule, nikajaza kwa mwezi mzima: mashine ngapi, foleni ndefu kiasi gani, vyoo viko wapi, kivuli kiko wapi, kigari cha kumsukumia bibi, asiyeweza mwendo mrefu, kitapita njia gani. Nilitazama video nyingi za ile treni yao kubwa, ya kupanda juu na kuporomoka, hata nikajua kona zake kwa mpangilio. Waarabu huiita treni ya mauti.

"Treni ya nini?" bibi aliuliza.

"Ya mauti, bibi."

"Kwa umri wangu huu nipande treni ya mauti? Si itanifikisha kweli!"

Mtoto alicheka mpaka akajikwaa kwenye zulia. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mimi ntapanda na baba."

Kaka alifanyiwa upasuaji wa mgongo na daktari amemkataza hata kuinua mtungi wa gesi. Na sheria ya treni, niliyoiandika mwenyewe kwenye daftari kwa wino mwekundu, ni kwamba mtoto wa kimo chake lazima apande na mtu mzima. Mtu mzima huyo akishuka, mtoto naye anashushwa. Kaka alinitazama. Bibi alinitazama. Mtoto alitazama zulia.

"Ntapanda na wewe mimi," nilisema.

"Sawa," alisema, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu kwa kuwa anajua haijatimia.

Nimejaribu mara nyingi kuandika jinsi tulivyoingia mahali pale, na kila mara maneno yanatoka madogo. Daftari langu lilikuwa na namba zote, wala halikuwa na kitu. Sikuandika kwamba ukipita lango tu, barabara uliyokuja nayo inapotea, na huoni tena nguzo ya umeme, wala gari, wala jengo la mtu mwingine. Sikuandika kwamba mlima utakuwa na unyevu. Niliugusa, ni wa bandia, kila mtu anajua, na bado niliukuta baridi kiganjani kama jiwe la wadi, bonde letu la mto mkavu, baada ya mvua. Chini ya daraja maji yalikwenda yakageuka ukungu, na ukungu ule ulinukia udongo. Mtu alikaa mahali fulani akawaza nitasikia harufu gani nikifika hapo, nikiwa nimechoka, nikiwa na miwani yenye vumbi la safari ya saa tano. Mimi ninayefuta sentensi moja mara ishirini nilisimama pale nikaona kazi ya watu walioipima dunia nzima upya, hata upande wa chini wa daraja ambao hakuna anayeutazama. Machozi yalinitoka. Nilisema ni jua.

Kaka alisimamisha kigari. Bibi alishika kifua. "Subhanallah," alisema. "Hapa pana nchi nzima, haina mfalme tu."

Kisha treni ikapita juu yetu. Ilisikika kwanza miguuni, ndipo masikioni, ndipo kelele za watu zikafuata nyuma kama kitambaa kilichochanika. Mtoto akanyanyua uso na kinywa wazi. Nilitamani sana kwamba asinyimwe kitu kile kwa sababu yangu.

Kabla ya kuingia foleni nilimuinamia bibi, nikamuuliza kwa siri kama dua ya chombo inahesabika ukiisoma mapema, kwenye foleni, wakati bado una nafasi.

"Dua haiwekwi akiba kama mchele," alisema. "Nenda, usimchoshe mtoto."

Nilisoma tu. Foleni ilipinda ndani ya mlima, na mimi nilisoma kila kona. Tulipofika mwisho, msichana wa Kikenya aliyekuwa akikagua vyuma vya viti alimsikia mtoto akiniuliza kitu.

"Haiya! Nyinyi mnaongea Kiswahili? Na vile mnakaa kama Waarabu!"

"Sisi wa Maskati," mtoto alimwambia.

"Maskati kuna Kiswahili? Hiyo sijawahi skia." Alicheka, akabana chuma changu kifuani, akaniangalia. "Na dada, mbona unaongea peke yako?"

"Nasoma dua."

"Basi soma haraka. Hii haingoji mtu. Ni kompyuta, hata mimi siwezi kuiambia kitu."

Nilianza. Nikasita. Nikaanza upya. Nilikuwa nimeona ubaoni kwamba anayetaka kushuka ainue mkono kabla treni haijaondoka, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umekwisha inuka. Sikumbuki kuuamuru. Msichana akaanza kutujia.

Nikamtazama mtoto. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshatoa mkono wake ndani ya mkono wangu, amevuta mguu nyuma, anatafuta kwa macho mlango wa kutokea. Alikuwa anajiandaa kushuka kwa adabu, kama mgeni anayejua kwamba hatokaribishwa chakula.

"Vipi dada, unashuka?"

"Hapana," nilisema. "Nilikuwa najikuna."

Alicheka sana yule msichana. Nilishusha mkono, nikashika mkono wa mtoto, nikaanza dua, na nilipofika katikati, katikati ya neno, treni ikaondoka.

Haikunitupa kama nilivyotarajia. Ilipanda polepole, ikigongagonga, na kadiri tulivyopanda ule ulimwengu wa bandia ulibaki chini, mpaka tukaupita, na nikaiona dunia yenyewe: jangwa, bahari kama sahani, na barabara nyembamba tuliyokuja nayo asubuhi. Dua yangu ilikuwa imekatika na hakukuwa na mtu wa kumwomba anisubiri. Kando yangu mtoto akaanza kuisoma kwa kelele, kama walivyofunzwa chuo cha Kurani, kwa kuimba. Aliruka neno. Alirudia jingine mara mbili. Nilisikia kila kosa, maana masikio yangu hayajui kazi nyingine. Na tayari nilikuwa nimefungua kinywa kumsahihisha.

Sikumsahihisha. Tulikuwa kileleni, miguu inaning'inia, na nilielewa ninachokisema kila siku bila kukisikia. Miaka yote nimeisoma dua ile kana kwamba yenyewe ndiyo nati inayoshika gurudumu, na mimi ndiye fundi. Kumbe maneno yake yanasema kinyume: si wewe unayekibeba chombo. Tukaanguka.

Sina maelezo mazuri ya yaliyofuata. Najua nilipiga ukelele, na najua kona zote nilizozikariri zilikuja kwa mpangilio mwingine kabisa. Najua mkono wake ulikuwa ndani ya wangu mwanzo, kati na mwisho, maana kucha zake ziliniachia alama nne.

Bibi alikuwa anatungoja na kaka kwenye kivuli nilichokichagua mimi.

"Mmerudi?" alisema. "Basi mauti hayajui kazi."

Njiani kurudi kaka aliniuliza daftari linasemaje, wapi pazuri zaidi. Nilijaribu kumjibu kwa haki. Kule nimeona kazi ya mikono ya watu iliyonitoa machozi, na ile treni haikunijua, na kutonijua kwake kulinisaidia. Lakini katika mistari yote niliyochora, sikuwa nimeandika popote kwamba pembeani kwetu kuna mzee anayezuia umeme kwa kidole kimoja ili mwanamke mzima amalize kuzungumza na Mola wake. Nimeliona jambo hilo miaka yote nikadhani ni uzembe wa mahali padogo. Kaka akasema hilo si jibu. Kweli, si jibu.

Wiki mbili baadaye tulirudi pembeani. Farasi bado hana sikio. Mtoto aliniongoza mpaka kiti cha nyuma cha merikebu, kile kile, akakaa, akaniwekea mkono wazi juu ya paja langu. Nikaushika. Nikaanza kusoma, nikasita, kama kawaida yangu. Sijapona, na sitaki kudanganya. Mzee alitazama midomo yangu, kidole juu ya kitufe.

"Khalas?"

Kabla sijatikisa kichwa, mtoto alimjibu kwa Kiarabu chake cha shule, kwa sauti ya mwenye chombo.

"Bado. Wewe washa tu. Atamalizia juu."