Bado Kidole Kimoja

Gunia langu la vikorokoro lilichekwa na kijiji kizima. Ndani yake mlikuwa na vifuniko vya soda, magunzi, kokwa za parachichi, vijiti vya mpera na bonge la udongo wa mtoni. Nilikuwa mwalimu wa chekechea huku Musanda, nikifundishia nyuma ya kanisa, miaka ile miwa ilipokuwa na bei na watu wakaipanda mpaka mlangoni. Maskini akipata, matako hulia mbwata: wanaume walinunua redio na viatu vya kung'aa, na nyumbani hakuna hata mboga ya kulia obusuma, ugali wetu. Wazazi waliniuliza kama kazi yangu ni kuchezesha watoto na takataka. Niliwajibu kwamba mtoto hufikiri kwa vidole kabla hajafikiri kwa kichwa, wakacheka zaidi. Shauri yao. Kitu kimoja tu kilinishinda: siku niliyojaribu kuhesabisha kwa vipande vya miwa, hesabu yote ililiwa kabla hatujafika kumi.

Miongoni mwa watoto wangu alikuwamo binti wa mkata miwa. Alikuwa mfupi, shingo nyembamba kama ya kifaranga, kwa sababu kwao kula ilikuwa bahati. Lakini akili, jamani! Wenzake wakiwa bado wanapigania vifuniko, yeye alikuwa amekwisha kuvipanga mafungu na kuniambia fungu gani limezidi. Nilipowafundisha kupima kwa kijiti, alipima mlango, benchi, mpaka mguu wa mchungaji akiwa katikati ya sala. Nilisema huyu akifika darasa la kwanza, watajuta kunicheka.

Sasa, siku hizo kuingia darasa la kwanza hukuulizwa unajua nini. Vyeti vya kuzaliwa havikuwepo, kwa hivyo mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikilifikia sikio la upande wa pili, basi umri umetosha. Mama yake alimweleza mwalimu mkuu kwamba huyu alizaliwa mwaka kiwanda cha sukari kilipopiga king'ora mara ya kwanza. Mwalimu mkuu akasema king'ora hakiandikwi kwenye rejista. Mbele yao, mtoto wa tajiri mmoja wa miwa, ambaye sikuwahi kumwona akifika tano bila kurudi mbili, alilishika sikio lake akalivuta, akaandikwa. Zamu ya binti ilipofika, akanyoosha mkono wa kulia. Vidole viliishia juu ya sikio. Hakulia. Alichukua kijiti chake cha mpera, akapima mkono, akapima pengo lililobaki, akaweka alama kwa meno.

"Mwalimu, bado kidole kimoja."

"Basi nenda ukilete mwaka ujao," mwalimu mkuu akamjibu.

Foleni nzima ilicheka. Mimi niliyewasindikiza nilimwambia mwalimu mkuu amuulize hesabu yoyote anayoitaka, hata ya darasa la pili. Alinijibu kwamba takataka zangu zina mwisho wake, na mwisho wake ni pale mlangoni pa ofisi yake.

Mama yule hakucheka. Alilichukua neno lile kama agizo la daktari. Kila jioni akitoka kupalilia miwa ya watu, alimkanda binti yake bega kwa kitambaa cha maji moto, akamkanyaga mbavuni kwa mguu, akauvuta mkono. Mimi sikujua. Niliona tu mtoto amerudi kwenye darasa langu, na mara kwa mara anajipima kwa kijiti chake na kuniambia, "Kimesonga kidogo, mwalimu." Nilidhani ni kukua. Niliwaambia wenzake wampigie makofi, nao wakapiga.

Kisha akaacha kuja. Nilipoenda kwao nilimkuta amekaa kwenye mkeka, bega limechomoka na kurudishwa kombo na mtu wa kuunga mifupa, mkono unaning'inia. Mama yake akasema, "Nilikuwa navutanga polepole tu, mwalimu." Nilimtukana matusi ambayo mwalimu wa kanisa hapaswi hata kuyajua. Alikuwa anampenda mtoto wake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Binti akaniomba nimpimie. Nikaushika ule mkono, ukiwa baridi, nikaulaza juu ya kijiti. Ulikuwa umepita alama. Alifurahi sana, mimi nikatoka nje.

Januari ilipofika nilimpeleka mwenyewe, mama yake akitufuata nyuma. Mkono wa kulia haukuinuka. Basi akainua wa kushoto, ule ambao hakuna aliyeuvuta, ambao ulikuwa umekua wenyewe mwaka mzima bila kuombwa. Ulipita juu ya kichwa ukalifunika sikio lote.

"Nimekileta, mwalimu."

Mwalimu mkuu hakukumbuka ni nini kilicholetwa. Alikuwa anautazama ule mkono mwingine. Aliuliza huyu ataandika na nini. Nikamwambia wa kushoto ni mzima, akasema kwenye shule yake hakuna anayeandika kwa kushoto, na kwamba nimrudishe kwenye magunzi yangu. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni, yote, mbele ya wazazi. Hakuna aliyefungua mdomo kunisaidia. Hata mama yake alinivuta nguo ninyamaze, nisiwaharibie.

Binti alidhani hajaeleweka. Akaweka kijiti chake mezani, akamwonyesha mwalimu mkuu ile alama ya meno ili ahakikishe mwenyewe. Mwalimu mkuu akakiokota, akakipinda kidogo kukijaribu. Kilikuwa mpera mzuri, mkavu, ulionyooka. Akamchapa nacho miguuni mtoto aliyefuata, aliyekuwa ametoka nje ya mstari, akamwambia anyooshe mkono.