Filimbi Niliyopuliza Buyenzi

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyenihifadhi katika miaka ile ambayo wengi walio bora kuliko mimi hawakuhifadhiwa, akaniachia magoti mabovu na kumbukumbu nzima. Nayaandika haya kwa sababu nilikosa, naye akanihurumia.

Katika miaka ya vita mchungaji aliniomba niwaongoze watoto wa Jumamosi, wale wa miaka kumi na moja hadi kumi na minne. Vijana waliokuwa wakiwaongoza walikuwa wametawanyika: mmoja alivukia Kongo, mwingine aliacha tu kuja. Mimi nilikuwa nimepita miaka hamsini. Maandiko niliyajua, lakini watoto wa umri ule sikuwajua. Niliwasomea sura nzima nzima, nao wakasinzia wakiegemeana. Sikuwalaumu, maana usiku hakuna aliyelala vizuri. Siku moja mimi mwenyewe nilisinzia katikati ya Waebrania, msichana mmoja akanigusa mkono.

"Mzee, ulifika ku mustari wa tisa."

Baadaye nilipelekwa mafunzo ya siku tatu. Mkufunzi, mgeni mchangamfu kutoka nchi yenye amani, alitufundisha kwamba mtoto wa umri huo lazima kwanza achezeshwe, kisha aimbe, ndipo apewe neno fupi. Nilimwamini, na hata leo naona alisema kweli. Siku ya mwisho alitugawia kila mmoja filimbi ya chuma.

Kanisa letu lilikuwa pembeni mwa mtaa wa Buyenzi. Jumamosi iliyofuata niliwapanga watoto mistari miwili humo ndani, kwa kuwa uwanjani hatukuthubutu. Nikaeleza mchezo: nikipuliza, kila mmoja akimbie abadilishane nafasi na mwenzake. Nikapuliza kwa pumzi yangu yote.

Wale wachache wa mtaa wa Nyakabiga walikimbia wakicheka. Waliohamia kutoka mtaa wa Kamenge walijitupa chini ya mabenchi. Na msichana yule wa Waebrania akatoka mlangoni mbio, kandambili zake zikabaki sakafuni.

"Hiyo ni ya kukimbia, Mzee," sauti moja ikaniambia kutoka chini ya benchi. "Si ya kucheza."

Mimi nilikaa Nyakabiga. Kwetu hatari ilipokuja usiku, tuligonga sufuria. Kumbe Kamenge walipuliza filimbi. Tulikuwa watu wa mji mmoja, lakini kila mtaa ulikuwa umejifungia na ishara yake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Niliwaacha watoto na mama aliyewapikia uji, nikaenda kwa shangazi wa msichana yule, ambako aliishi tangu watu walipoikimbia Kamenge ikabaki tupu. Shangazi alikuwa akichambua maharage. Nikamweleza.

"Hapa hakufika," akasema, akaweka ungo chini. "Basi amekwenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Kamenge. Iko na kwao kungine?"

Nyumba yao huko haikuwa tena na paa. Na kabla ya kuifikia kulikuwa na mitaa ambamo mtoto wa Kamenge hakupaswa kuonekana, achilia mbali saa zile, karibu na saa ya amri ya kutotoka nje. Nilitembea upesi kuliko magoti yangu yalivyotaka. Sala ndefu haikuja. Kwa kila hatua nilisema tu: Bwana, mzuie.

Karibu na barabara kubwa palikuwa na duka la vitambaa la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka Omani. Nilimwona msichana mle ndani, miguu mitupu, ameshika ncha ya kitenge. Mwenye duka alishika ncha ya pili, na fimbo ya kupimia.

"Nilimuona anapita mbio, gari haangalii," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mutoto wa namna hiyo ukimuuliza anaenda wapi, anakimbia zaidi. Nikasema, we binti, nishikie hii kitambaa. Hii jora nimeipima mara tano, mzee wa kanisa. Leo siuzi, napima tu."

"Mungu akulipe, Haji."

"Amina. Sasa mupeleke, mi nifunge."

Tukaketi kidogo kwenye ngazi ya duka. Nilimwambia msichana kwamba nimekosa, sikujua, anisamehe. Akapangusa vumbi miguuni.

"Kwenu hamupulizi?"

"Kwetu tunagonga sufuria."

"Na kama iko na bugali ndani?"

"Tunaimwaga kwanza."

"Basi nyinyi mutauawa na njaa mbele ya risasi kufika," akasema. Hakucheka. Lakini nilipomshika mkono, hakuuondoa.

Shangazi alitungojea mlangoni. Nilitazamia aseme mtoto harudi tena kwetu, na ningekubali. Alimwingiza ndani kwanza, ndipo akasema:

"Hapa nyumbani hasemi. Kule kwenu anasema, nimesikia. Atakuja. Lakini utakuja kumuchukua we mwenyewe, na utamurudisha we mwenyewe. Apana mutu mwingine."

"Nimekubali, mama."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nilitoka Nyakabiga hadi kwa shangazi, kutoka hapo hadi kanisani, kisha nikamrudisha. Mama wengine waliposikia, wakataka vivyo hivyo. Zilikuwepo Jumamosi nilizoichukia njia ile. Nakiri mbele za Mungu. Zilikuwepo nyingine ambazo milio ya bunduki milimani ilinizuia, naye akaketi kizingitini amevaa gauni lake la kanisani hadi jioni. Michezo yangu haikuwa mizuri kamwe. Lakini njiani watoto waliniuliza mambo ambayo kwenye benchi hawakuyauliza: kama Mungu hulala, kama waliokufa wanajua kwamba nyumba imeezuliwa paa. Nilijibu nilichokijua. Mara nyingi nilisema sijui, tutembee.

Miaka ikapita hivyo, msichana akanipita kimo. Jumamosi moja nilipofika, alikuwa ameshatoka barabarani, amewashika wadogo wawili mikono.

"Mzee, leo we kaa. Mi nawapeleka. Utatukuta."

Shangazi akanitolea kigoda. Nikawatazama hadi walipopinda kona. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyojua.

Wewe unayesoma, Mungu awafikishe nyumbani wote unaowapenda, na akupe mtu wa kukupokea mzigo siku magoti yako yatakapokataa. Amina.