Mahali pa Kezia Pichani

Kezia Mullens alizaliwa katika kijumba cha mawe kule bondeni, mbele ya jumba la Wendlow. Akaolewa humo humo, na humo humo akafiwa na mumewe. Alichokuwa nacho duniani ni paa lile na bata bukini wake. Na paa lenyewe ni la Sir Lambert, mwenye jumba, kama ilivyokuwa ardhi yote uionayo hadi macho yachoke.

Kiangazi kimoja akaja mchoraji, Bwana Fenn, kulichora jumba na bustani zake. Kezia ndiye aliyempelekea bia na jibini, na siku moja akachungulia turubai. Jumba lipo, miti ipo, kulungu wapo. Bondeni, ziwa.

"Bwana, umekosea. Hapo ni kwangu."

"Sikukosea, mama. Tajiri huchorewa bustani anayoitaka, si aliyo nayo."

Mchoraji alimkwepa macho. Huruma ikamshika, akachovya brashi, akamchora Kezia na bukini wake kando ya maji, ameyatazama.

Kezia alirudi kwake akichekelea. Aliyemo kwenye picha ya bwana mkubwa, nani atamgusa? Maskini weee, hivyo ndivyo alivyojidanganya.

Jabezi, mtunza bustani, alimsikiliza ameegemea koleo lake.

"Bi Kezia, wewe umo. Mlango wako je, umo?"

"Una wivu. Wewe haikuchorwa hata kofia yako."

Jabezi hakucheka. Alikuwa ametoka kuchimba mfereji.

Kesho yake vigingi vikakizunguka kijumba. Kezia akaving'oa, vikarudi, virefu zaidi. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo wasemavyo wasiobomolewa nyumba. Kabla ya theluji ya kwanza paa likashushwa na mto wa bondeni ukazibwa. Maji yakapanda polepole, yakavuka kizingiti, yakaingia jikoni.

Sir Lambert aliipenda mno picha ile. Akampa Kezia chumba juu ya zizi, kwa sharti moja: wageni wakija, asimame na bukini wake palepale alipochorwa, ili wakichungulia dirishani waone yale yale ya picha ukutani.

Akasimama mpaka uzeeni. Jabezi ilimuuma.

"Angalia kwingine basi, Bi Kezia. Geuka hata kidogo."

"Kwenye picha sikugeuka," akasema, macho yakiwa majini, pale lilipokuwa jiko lake.