Bibi Harusi Alilala, Mimi Nikakesha

Mdogo wangu alipopanga harusi, aliniomba nizungumze kwa niaba ya familia. Nilikubali kwa furaha. Usiku uleule usingizi ukanikimbia, na kwa wiki mbili ukawa unakuja kwa vipande tu.

Mimi ni mwalimu huku Kathonzweni. Mbele ya wanafunzi sina wasiwasi, lakini nikilala na jambo moyoni, hata dogo, macho yanakauka. Mdogo wangu hayuko hivyo. Usiku wa kuamkia mtihani wake wa mwisho shuleni, mimi ndiye niliyekesha. Yeye alikoroma.

Siku moja nilisahihisha daftari lilelile mara mbili, na mara ya pili nikatoa alama tofauti. Mwenye daftari alifurahi sana. Mimi nikaenda kliniki.

Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza kisha akauliza, "Mama yako hulala vipi?"

"Vizuri tu. Sijawahi kumsikia akilalamika."

"Hebu muulize."

Akanieleza kwamba watu wawili wanaweza kuwa na wasiwasi uleule, mmoja akalala na mwingine mwili ukabaki macho kama mlinzi. Wengine huzaliwa na usingizi mwepesi, na mara nyingi hali hiyo hutembea kwenye ukoo. "Halafu unaanza kuogopa kutolala," akasema, "na hofu hiyo inakukeshesha kuliko harusi yenyewe. Usipigane na kitanda. Inuka, fanya kazi ndogo, urudi macho yakiwa mazito."

Basi usiku wa kuamkia harusi, nyumbani kwetu Mutomo, niliinuka. Nyumba ilijaa mashangazi. Nilinyata hadi jikoni, nikamkuta mama akichagua mbaazi zilizokwisha kuchaguliwa jioni.

"Mwaitu, hujalala?" Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Na wewe je?"

"Mimi nina hotuba kesho. Wewe una nini?"

"Nina nyinyi." Akasogea nikae. "Kukiwa na jambo silali, tangu nikiwa msichana. Kabla ya harusi yangu nilifagia uwanja mara tatu gizani."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilidhani watu wote wako hivyo, mpaka nikaolewa na baba yenu."

Wakati huohuo mkoromo wa baba ukavuka ukuta, na chumba cha pili bibi harusi akaujibu. Tulicheka hadi shangazi mmoja akatugombeza. Miaka yote ile nilijiona mdhaifu, kumbe nimefanana na mama yangu. Nilichagua mbaazi pamoja naye, mabega yakalegea, nikarudi kulala.

Asubuhi tulimwamsha bibi harusi mara tatu. Mara ya nne ilikuwa kwa maji.

"Kwani ni saa ngapi?" akauliza, kana kwamba ni Jumamosi ya kawaida.

Wakati wangu ulipofika niliikunja ile karatasi niliyoiandika kwa wiki mbili, nikasimulia habari za jikoni. Watu wa upande wa bwana harusi walishika mbavu.

"Mimi sikoromi!" baba akapaza sauti kutoka kiti cha mbele.

Kesho yake mimi na mama tulilala mpaka saa tano. Mbuzi walilia zizini, ikabidi baba aende kuwafungulia mwenyewe.