Diski Isiyohesabu Sekunde

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, na Bi Mwatima Nassor yuko chini ya meza. Kinachoonekana ni miguu yake tu na pindo la baibui alilolifunga kiunoni. Anapuliza vumbi kwenye mashine namba tisa ya chumba cha kompyuta, katika skuli moja ya sekondari huko Ole, kisiwani Pemba. Kisha anatoka kinyumenyume, kokwa mbili zikiwa kiganjani.

"Nani aliyekula ubuyu humu ndani?" anauliza. Wasichana watatu wa kidato cha nne wanatazamana. "Ingekuwa kokwa moja ningesamehe."

Chumba kina kompyuta kumi na nne za msaada, zilizofika kwa miaka tofauti. Zinazowaka ni nne. Wiki iliyopita mtu alichomeka flashi ya nyimbo za harusi, na kirusi kilichokuwemo kikapita mashine hadi mashine.

Jumatatu watahiniwa kumi na mmoja watafanya mtihani wa vitendo, kila mmoja na kompyuta yake. Na namba tisa, ya Mwalimu Fahmi Bakar, ndiyo iliyohifadhi kazi zao za mradi, zinazotakiwa kukabidhiwa siku hiyohiyo. Hakuna nakala.

"Nilikuwa na nia ya kuzinakili," anasema Mwalimu Fahmi.

"Nia haifunguki kwenye kompyuta, Mwalimu."

Bi Mwatima anafungua mkoba na kutoa diski iliyoviringishwa kwenye kipande cha kanga. Ni DVD ya kawaida, ile ambayo vijana wengi siku hizi hawana hata pa kuitia. Juu yake ameandika kwa kalamu nyeusi: ZOTE.

Ndani ya diski hiyo kuna mifumo minne ya uendeshaji, yaani programu mama ambazo bila ya hizo kompyuta ni sanduku tu. Upo wa Linux mwepesi kwa mashine kongwe, wa Linux kamili kwa mashine zenye nguvu, Windows kwa mashine zilizobandikwa stika ya leseni yake, na mmoja mdogo usioweka kitu chochote. Huo kazi yake ni kuingia kwenye mashine iliyokufa na kutoka na mafaili.

Kwa nini diski, wakati kila mtu ana flashi? "Mashine hizi kongwe hazikubali kuamshwa na flashi," anasema. "Halafu diski ikishachomwa, yaani ikishatiwa mafaili, haiandikwi tena. Kirusi kinaiona, kinaitamani, hakina pa kuingilia."

Bi Mwatima, 44, anaishi Tibirinzi na ni mama wa watoto wanne. Alisoma hadi kidato cha nne, akafanya kazi ya uchapaji miaka tisa katika duka la vifaa vya ofisi mjini Chake Chake.

"Kompyuta ikifa tukiipeleka Unguja kwa meli," anakumbuka. "Inarudi baada ya wiki tatu, imefutwa kila kitu, na weye unasema ahsante."

Alianza kwa kufungua mashine mbovu za duka. Kiingereza cha vitabu vya ufundi alikisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno. Leo anatoza shilingi 15,000 kwa mashine, na mwezi mzuri humpatia kiasi cha 350,000. Mwezi mbaya hakuutaja.

Kutengeneza diski ya mifumo mingi si kumwaga mafaili ndani yake. Kila mfumo unataka chumba chake, na mlangoni lazima pawepo orodha itakayomuuliza mtu anataka kuingia wapi. Orodha hiyo Bi Mwatima aliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Nafasi ilikuwa ndogo, akaanza kupunguza.

"Nilitoa lugha zisizosomwa huku. Ilikuwemo ya Kiaislandi. Nani kijijini Wawi anasoma Kiaislandi?"

Aliyemsumbua zaidi ni Windows. "Ana kiburi yule. Anataka diski yake peke yake, kama mke asiyetaka ukewenza. Linux anakaa na wenzake, hana neno. Miezi mitano nilikuwa nasuluhisha nyumba hiyo."

Diski kumi na tatu ziliharibika katika usuluhishi huo. Mkwewe, Bi Mjaka, alizitungika kwenye shamba la mpunga, ziking'aa juani. "Ndege walikimbia," anasema Bi Mwatima. "Kwa hiyo si kweli kwamba hazikufaa."

Sasa anaisukuma diski ndani ya namba tisa na kubonyeza kitufe. Mashine inanguruma. Kwa muda skrini ni nyeusi, na wasichana wanasogea bila ya kuambiwa. Halafu maandishi meupe yanatokea, kwa Kiswahili: Washa kama kawaida. Okoa mafaili. Mashine nzee. Mashine ya makamo. Mashine yenye stika.

"Subhanallah," ananong'ona Kauthar Nyange, mmoja wa watahiniwa. "Inasema kama sisi."

"Ulitaka iseme kama nani?"

Mwalimu Fahmi anataka waanze na zile nyingine tisa, maana mashine ndizo chache. Bi Mwatima anakataa. Anachagua mstari wa pili. Dakika tatu baadaye, kompyuta iliyokuwa imekufa siku sita inafungua dirisha, na ndani yake mafolda kumi na moja, kila moja na jina la mwanafunzi. Anachomeka kwa waya diski ya nje ya kuhifadhia aliyokuja nayo na kuanza kunakili.

Hapo linatendeka jambo linalowaacha wote midomo wazi. Anabonyeza kitufe, kidroo cha diski kinatoka, anaichukua DVD yake, na namba tisa inaendelea na kazi. Mfumo ule mdogo umeshahamia wote kwenye kumbukumbu ya mashine. Diski inakwenda zake kuamsha namba mbili.

"Inafanya kazi na roho yake haimo!" anasema Kauthar.

"Imo. Imehama tu."

Mashine namba mbili ni kongwe kuliko watahiniwa wote. Inapata Linux mwepesi na kuwaka baada ya dakika ishirini na tano. Namba tano na sita zina stika, zinapewa Windows. Mchana unapoingia, mashine nne zimefufuka, namba saba inasubiri na orodha yake usoni, na adhana ya adhuhuri inasikika.

Bi Mwatima anainuka na kwenda kusali na walimu wa kike. Namba saba anaiacha ilivyo. Anaporudi baada ya robo saa, orodha iko palepale. Haijachagua kitu.

Haikuwa hivyo zamani. Diski ya kwanza aliyoitengeneza ilikuwa inahesabu sekunde thelathini. Mtu asipochagua, inachukua mstari wa juu yenyewe. Na mstari wa juu ulikuwa ule wa kufuta mashine na kuweka mfumo mpya, kwa sababu ndio alioutumia zaidi.

Mwaka 2019 alikuwa Wawi, nyumbani kwa Mzee Hija, aliyekuwa amechapa nasaba ya ukoo wake kwa miaka sita. Aliitia diski, adhana ikaita, akaenda kusali.

"Nilipotoa salamu nikasikia mashine inakwenda mbio," anasema. "Nikarudi. Asilimia arobaini na moja. Nikazima, lakini kilichokwenda kilikwenda."

Mzee Hija hakumpigia kelele. Alimwambia, "Basi kaa uandike, Bi Mwatima." Kwa miezi mitatu, kila Jumapili, alimsomea majina kutoka kichwani na yeye akichapa.

"Matawi mawili hayakurudi. Aliyajua marehemu dada yake Mzee Hija tu, ndiye aliyempa zamani akayachapa." Anainamisha kichwa kidogo. "Siku ileile niliifuta ile hesabu. Sasa mstari wa juu haufuti kitu, na diski inasubiri. Ikibidi isubiri hadi Idi."

Saa tisa na nusu mashine zote kumi na nne zinawaka. Mwalimu Fahmi anazunguka chumba akizihesabu kwa kidole, anafika mwisho, anaanza tena. Katika mashine hizo kuna iliyotengenezwa kabla mwalimu mwenyewe hajaanza skuli, na kioo chake kinang'aa kama vya wenzake. Kazi yote imefanywa na kisahani kimoja chepesi kuliko daftari.

Kunakili nako kumekwisha. Bi Mwatima anafungua folda moja moja, hakubali hata moja kwa kuangalia jina tu. Kumi ni mazima. La Kauthar linafunguka nusu. Diski ya ndani ya namba tisa, inayotunza mafaili, ilikuwa imechoka mahali pale.

Hamfichi. "Ulikuwa na kurasa ngapi?"

"Tano."

"Zipo tatu. Mbili hazipo, na nimejaribu njia zote ninazozijua. Una leo na kesho."

Kauthar anafuta macho kwa ukingo wa mtandio. Kisha anavuta kiti kwenye namba mbili, ile kongwe, na kuanza kuandika.

Bi Mwatima anaiviringisha diski kwenye kanga, lakini haitii mkobani. Anamkabidhi Mwalimu Fahmi. Mtihani ukimalizika, anasema, wasichana watatu wa hapa watakwenda kwake Tibirinzi kila Jumamosi, waanze na folda tupu mpaka watoe diski inayowaka.

"Sitaki wairithi diski. Diski huchubuka. Nataka warithi kuitengeneza, kisha kila skuli ya Pemba ipate mtu wake. Nisiitwe tena Ole kuja kula vumbi."

Yuko mlangoni anavaa viatu Kauthar anapomwita.

"Bi Mwatima! Ukurasa wa nne nimeuandika. Wallahi huu bora kuliko ule uliopotea."

"Umeunakili?"

Kauthar anageuka kuitazama skrini.

"Nakili kwanza, mwanangu. Ndipo usifu."