Kasuku na Msiba Uliochekesha

Saa tisa alasiri, Kasuku ameketi kando ya pazia jeupe, kipaza sauti amekiviringishia leso. Kazi yake ni kuzitafsiri filamu za kigeni papo hapo, mbele ya watazamaji. Katika banda hili la video ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Filamu ya leo huchekesha na kuliza: mtu anampeleka kaka yake kuzikwa, jeneza likiwa juu ya gari, nalo linaporomoka njiani bila yeye kujua. Anafika makaburini mikono mitupu, mjane akimngoja.

"Mjane huyu alikuwa akisemewa na mke wangu," akumbuka Kasuku.

Marehemu mkewe, Mola amrehemu, aliketi nyuma yake akitafuna iliki, akiwasemea wanawake wote, wawe malkia au wachawi. Watu walijaa hadi madirishani. Siku hizi mabenchi matatu yakipata watu, Kasuku hushukuru.

Tangu mkewe afariki, filamu hii hakuigusa. Siku ya maziko, kiatu cha kaka wa mkewe kilitumbukia kaburini, naye akarukaruka kwa mguu mmoja akikidai. Kasuku akaangua kicheko. Binti yake wa pekee hakusema naye tena.

"Aliona namcheka mama yake," asema. "Kumbe kilio kilikosa njia, kikatokea hivyo."

Leo amemtumia ujumbe aje. Binti yuko karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu wa kuondoka.

Mjane auliza jeneza liko wapi. Kasuku amsemea kwa kubana sauti iwe nyembamba.

"We Kasuku, huyo mama ana mafua?" mtu apaza sauti.

Banda zima lacheka. Mwenye kupoteza jeneza aomba radhi, kisha anyamaza. Kasuku hanyamazi.

"Nisamehe, mwanangu. Nilicheka kwa kuwa sikujua nitaishije bila yeye."

"Mzee, mdomo wa huyo wa filamu umeshafungwa! Unamsemea nani?" mtazamaji auliza.

Binti afunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Filamu ikiisha, amfuata babaye.

"Baba, mjomba bado anavivaa vile viatu."

"Vyote viwili?"

"Vyote!"

Wacheka hadi machozi yawatoke.

Ijumaa wamepanga kulizuru kaburi pamoja. Kasuku ana ombi moja.

"Dua aisome binti yangu," asema. "Mimi nimesemea watu maisha yangu yote. Siku hiyo niitikie amina tu."